Prizimu ya kubandika, na kliniki iliyonipima presha kabla ya kuniuzia

Kifaa chenyewe ni kipande cha plastiki laini kinachopitisha mwanga, unene wake kama milimita moja, kinabandikwa kwa maji upande wa ndani wa kioo cha miwani. Hakina gundi. Kinaitwa prizimu ya Fresnel, na kazi yake ni kuisogeza picha ambayo jicho linaiona. Nimekivaa jicho la kushoto tangu masika mpaka kipupwe kinaishia, kwa sababu jicho hilo liligoma kwenda nje na nikawa naona kila kitu viwili viwili. Nakipa nyota nne kati ya tano. Kliniki iliyoniuzia naipa tano kamili, na hiyo ya tano wameipata kwa kazi waliyoifanya kabla hawajakitoa kipande hicho kwenye bahasha.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Nashona sare za shule, nashona madera, na msimu wa harusi ukifika nashona magauni ya shanga ambayo hayataki haraka. Nimeshavuka miaka hamsini, nina kisukari, na presha ipo kwenye ukoo wetu upande wa mama. Nayasema haya mapema kwa kuwa ndiyo yaliyoniletea ugonjwa, na wewe unayesoma ukiwa nayo yote mawili, haya yanakuhusu hata kama macho yako leo ni mazima.

Ilianza na maumivu juu ya nyusi ya kushoto, yale ya kuuma kwa ndani. Nikameza panado nikaendelea na kazi. Kisha asubuhi moja nikaamka mlango wa chumbani una mwenzake. Nikitazama kulia, kitu ni kimoja. Nikitazama mbele, viwili, vimeachana kidogo. Nikitazama kushoto vinaachana kabisa, vyote usawa mmoja, hakuna kilicho juu ya kingine. Kwa vitu vya karibu nilikuwa na nafuu: tundu la sindano nililiona moja na uzi niliutunga. Balaa lilikuwa kwa vitu vya mbali. Bodaboda ikitokea barabarani naziona mbili zinanijia, na sijui niikwepe ipi. Bila kufundishwa na mtu nikajikuta nimezoea kugeuza uso kushoto ili macho yatazame kwa upande wa kulia. Wateja wakadhani nimewanunia. Shingo nayo ikaanza kuuma.

Duka la kwanza la miwani nililokwenda silitaji. Kijana alinipima kwa herufi za ukutani, jicho moja moja, na kila jicho peke yake lilisoma vizuri. Akasema macho yamechoka na cherehani, akaniandikia miwani ya namba kubwa zaidi, nikalipa. Nilimwambia kabisa kwamba nikifumba jicho moja, lolote lile, vitu vinakuwa kimoja. Akasema basi ndiyo uchovu wenyewe.

Maneno yale yalitakiwa yamshtue, na ndiyo maana nimekasirika mpaka leo. Mtu anayeona viwili hata akifumba jicho moja, shida yake iko ndani ya jicho lenyewe: mtoto wa jicho unaoanza, kioo cha mbele kisicho sawa, vitu vya namna hiyo. Lakini mtu ambaye viwili vinaondoka akifumba jicho lolote, maana yake kila jicho linaona vizuri ila mawili hayaelekei mahali pamoja. Huyo hahitaji namba kubwa. Huyo anahitaji mtu wa kumuuliza kwa nini jicho moja limeacha kutii. Kipimo hicho hakina mashine, ni kiganja cha mkono tu, na unaweza kukifanya hapo ulipokaa.

Jirani yangu aliniletea kombe. Nililinywa, dua haina ubaya. Huyohuyo jirani ndiye aliyenisindikiza kliniki, kwa sababu mwenyewe nilikuwa siwezi kuvuka barabara.

Kliniki iko ghorofani karibu na soko, ngazi ni kali na taa ya ngazini hafifu, jambo ambalo wagonjwa wa macho hawastahili. Huo ndio upungufu pekee nilionao dhidi yao. Bima waliipokea kwa kumuona daktari na kwa vipimo. Prizimu nililipa mfukoni. Bei yake ilikuwa chini ya nusu ya ile miwani isiyo na faida niliyouziwa duka la kwanza.

Daktari bingwa ni mwanamke, umri wa binti yangu mkubwa. Alinipa shikamoo, akanikalisha, akasema, "Mama, kichwa kitulie, nifuate kalamu kwa macho tu." Kalamu ilipokwenda kulia, macho yote yalikwenda. Ilipokwenda kushoto, jicho la kulia lilifuata na la kushoto likafika katikati likasimama. Nililiona mwenyewe kwenye kioo alichonishikia. Ni jambo la kutisha kuuambia mwili wako nenda na usiende.

Halafu akafunga pazia, akawasha tochi ndogo, akaanza kutazama mboni. Hapa alikaa muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Alipima mboni ya kulia na ya kushoto gizani, akafungua pazia akazitazama tena kwenye mwanga, akaangalia kama kope za juu zimekaa usawa mmoja. Ndipo akaniambia nicheke nionyeshe meno, nifinye vidole vyake, ninyooshe mikono mbele huku nimefumba macho, nitembee mstari mmoja kisigino kikigusa kidole. Aliuliza kama taya huchoka nikitafuna, kama ngozi ya kichwa huuma nikichana nywele, kama nimepungua mwili, kama nimewahi kuanguka au kugongwa kichwa. Akaweka hata kile kifaa cha kusikilizia moyo juu ya kope iliyofumbwa, akasikiliza. Dawa ya kupanua mboni ili achungulie nyuma ya jicho aliiweka mwisho kabisa, na muuguzi alinieleza kwa nini: ukiiweka mwanzoni umejifungia mlango, kwa sababu mboni iliyopanuliwa na dawa haisemi tena habari yoyote.

Kisha wakanifunga mkono. Presha 168 kwa 98. Sukari ya kidole ilikuwa juu, na kipimo kile cha sukari ya miezi mitatu kilirudi asilimia 9.4, wakati kwa mtu kama mimi daktari anataka ikae karibu na 7. Nikamuuliza, "Daktari, mimi nimekuja kwa jicho, mkono unapimiwa nini?" Akavuta kiti akakaa, akanieleza. Ninayoandika hapa ni maelezo yake, pamoja na niliyouliza siku za kurudi.

Jicho linazungushwa na misuli sita. Misuli hiyo inapokea amri kutoka kwenye ubongo kwa mishipa ya fahamu mitatu, na madaktari wameipa namba: wa tatu, wa nne na wa sita. Wa tatu ndiye mwenye kazi nyingi, anaendesha misuli minne, anainua kope na kuibana mboni. Wa nne ana msuli mmoja, na akilala, yaani akiacha kufanya kazi, mtu huona viwili kimoja juu ya kingine, hasa akishuka ngazi, na mara nyingi utamkuta ameinamisha kichwa upande. Wa sita naye ana msuli mmoja, ule wa kulivuta jicho kwenda nje. Wangu ni huyo.

Mshipa wa fahamu nao unaishi kwa damu. Unalishwa na vijishipa vyembamba mno, na sukari na presha vikikaa juu kwa miaka, kuta za vijishipa hivyo hunenepa na njia ya damu hubana. Siku moja kimoja kinaziba, kipande cha mshipa wa fahamu kinakosa damu, na amri haipiti tena. Msuli mzima, jicho zima, njia katikati ndiyo imekatika. Kwa watu waliopita hamsini wenye sukari, presha, mafuta mengi kwenye damu au wanaovuta sigara, hii ni sababu ya kawaida ya jicho kugoma ghafla. Maumivu ya juu ya nyusi yanaweza kuitangulia au kuja nayo pamoja. Na habari njema ni kwamba wengi wao mshipa hujirudi wenyewe, kwa kawaida ndani ya miezi mitatu hivi, wengine huchukua zaidi.

Nilipomuuliza dawa, alisema hakuna dawa ya kuuharakisha mshipa uliokosa damu. Sindano za vitamini ambazo wengi tunachomwa kwa kila kinachohusu mishipa hakuniandikia. Aliniandikia za presha upya, akanirudisha kliniki ya sukari kwa barua, akasema kilichofanyika kwenye jicho kinaweza kufanyika kwenye moyo na kwenye ubongo, na jicho limewahi kunipa taarifa.

Siku ya marudio ndipo nilipoelewa kwa nini alikaa sana kwenye mboni. Kulikuwa na mzee kwenye foleni, kope ya kulia imeanguka imefunika jicho, ameshika kichwa. Kijana wake alikuwa anadai miwani ya kuzuia mwanga. Daktari alimuita ndani mbele yetu wote, na haukupita muda akatoka naye, mkono kwenye bega la yule kijana. Nilimsikia akisema, "Msipitie nyumbani kuchukua nguo. Nendeni sasa, nawapigia simu wanaowapokea." Hawakumuuzia kitu. Hata pesa ya kadi nilimuona mpokezi akiirudisha.

Habari za mzee yule sikuziuliza, si zangu. Niliuliza tu kwa ujumla, kwa nini yule akimbizwe na mimi nipewe miadi. Nyuzi zinazobana mboni hupita juu, kwenye ngozi ya nje ya mshipa wa tatu, na hulishwa na vijishipa vya nje. Kijishipa cha ndani kikiziba kwa sababu ya sukari au presha, katikati ya mshipa ndipo panaponyimwa damu: kope inaanguka, jicho linageukia nje na chini, lakini mboni mara nyingi inabaki nzima. Sasa kuna mshipa wa damu chini ya ubongo, unaounganisha mkondo wa mbele na wa nyuma, ambao hupita jirani kabisa na mshipa wa tatu. Ukuta wake ukilegea unatuna. Uvimbe huo unaukandamiza mshipa wa fahamu kutoka nje, na wa kwanza kuumia ni zile nyuzi za juu. Mboni inapanuka na haijibu tochi. Kope iliyoanguka, mboni kubwa, kichwa kinauma: hapo mtu anatakiwa kupigwa picha ya mishipa ya kichwa siku hiyohiyo, CT yenye dawa ya kuonyesha damu, kwa kuwa uvimbe ule ukipasuka damu inamwagika kuzunguka ubongo na wengi hawaiwahi hospitali. Kanuni hiyo ya mboni haitoshi peke yake. Alisisitiza kwamba mshipa wa tatu ukilala nusu nusu, mboni inaweza kuwa sawa leo na kupanuka kesho, kwa hiyo wenye tatizo la mshipa wa tatu huwapeleka kupigwa picha hata mboni ikiwa nzima.

Yale maswali mengine nayo kila moja lilikuwa na sababu yake. Kucheka na kufinya vidole ni kutafuta kiharusi cha shina la ubongo, pale mishipa hii inapoanzia. Damu ikikosekana pale, jicho linagoma upande mmoja na mkono na mguu wa upande wa pili unalegea, au uso unapinda, au mtu anayumba. Huyo ni mgonjwa wa kiharusi, na saa zake zinahesabika. Taya linalochoka kwa kutafuna na ngozi ya kichwa inayouma ni dalili za uvimbe wa kuta za mishipa ya damu ya kichwa kwa watu wazima, na alisema kwa watu weusi hauonekani mara nyingi, lakini anauliza kila aliyepita hamsini kwa sababu ukiachwa unapofusha. Kile cha kusikilizia juu ya kope kinatafuta mvumo wa damu: baada ya ajali ya kichwa, mara nyingine hata bila ajali, mshipa mkubwa wa damu hutoboka ndani ya vyumba vya damu nyuma ya jicho, na jicho linakuwa jekundu, linatokeza nje, mgonjwa anasikia kichwani sauti inayokwenda na mapigo ya moyo. Na nyuma ya jicho alichungulia kwa sababu mshipa wa sita unaweza kulala pia pale shinikizo ndani ya kichwa linapopanda, na likipanda linaonekana pale.

Kwa hiyo nilipoambiwa, "Mama, wako ni wa vijishipa, tutausubiri huku tunakurudishia njia ya kuona," niliamini. Alikuwa ameyakataa mengine yote mbele ya macho yangu. Alinieleza pia kwamba wako madaktari wanaompiga kila mgonjwa picha ya kichwa ya MRI tangu siku ya kwanza, nikitaka atanipa barua. Niliamua kusubiri, kwa sharti alilotoa yeye mwenyewe: kope ikianza kushuka, mboni ikipanuka, jicho la pili likifuata, au miezi mitatu ikaisha bila mabadiliko, napigwa picha bila mjadala.

Sasa prizimu.

Fundi wa miwani alinikalisha mbele ya taa ndogo, akapitisha mbele ya jicho langu ufito wenye vioo vya namba zinazopanda. Taa mbili zikawa zinakaribiana kila anaposogeza. Ilipofika 20 zikaungana. Nilitoa machozi pale kwenye kiti, sioni aibu kusema. Namba ya prizimu moja maana yake inasogeza picha sentimita moja kwa kila mita moja ya umbali, kwa hiyo 20 kwa mita tatu ni sentimita 60. Huo ndio upana uliokuwa kati ya mteja wangu na kivuli chake alipokuwa amesimama mlangoni.

Prizimu ya kawaida ya namba hiyo ni kioo chenye upande mmoja mnene sana, miwani ingeniangukia puani. Hii ya kubandika imegawa ule unene kuwa vipande vyembamba sambamba juu ya karatasi moja ya plastiki, kama marinda ya sketi ya shule: mkunjo baada ya mkunjo, wote umelalia upande mmoja. Ukiipitishia ukucha unasikia mistari. Hesabu yake inatokana na Mfaransa Augustin Fresnel, aliyeitengenezea minara ya taa za meli lenzi za namna hii, na ya kwanza ikawashwa mnara wa Cordouan mwaka 1823. Sisi watu wa bandarini tunaokoka kwa kazi ya mtu huyo pande zote mbili.

Nilimtazama akikata, maana kukata ndiyo kazi yangu. Alitoa kioo kwenye fremu, akakilaza juu ya plastiki, akakizungushia wino mwembamba, akaweka alama ya upande mnene kabla ya kugusa mkasi. Kisha akakata ndani ya mstari, akiacha kama milimita moja pande zote ili plastiki isigusane na fremu ikajikunja. Mkono ulikuwa mmoja, bila kurudia rudia, na kingo zilitoka safi. Aliizamisha pamoja na kioo kwenye bakuli la maji, upande laini ukilalia kioo na wenye mistari ukielekea jicho, akasukuma mapovu kwa kidole gumba kutoka katikati kwenda nje, akaiacha ikauke. Mstari wa mapovu ukibaki utauona mbele ya jicho siku nzima, kwa hiyo usiondoke dukani kabla hujaiangalia mbele ya dirisha.

Na jambo moja la kulikagua mwenyewe: kwa jicho lililogoma kwenda nje, upande mnene unaelekea sikioni. Ikibandikwa kinyume, viwili vinaachana zaidi badala ya kuungana. Angalia taa iliyo mbali ukiwa bado uko dukani.

Inafanya kazi. Siku hiyohiyo nilishuka zile ngazi bila kushikwa mkono na nikavuka barabara. Uso ukarudi mbele, shingo ikapona ndani ya siku chache. Dari, mlango, mteja, vyote kimoja kimoja.

Nyota niliyoipunguza ni ya haya. Jicho lenye prizimu linaona kwa ukungu mwepesi, herufi hazina makali, na namba ikiwa kubwa ukungu unazidi. Usiku kila taa ya gari inakuwa na rangi pembeni, nikaacha kabisa kutoka usiku peke yangu. Inakusaidia ukitazama mbele. Ukitazama upande wa jicho bovu viwili vinarudi, lazima ujifunze kugeuza kichwa chote. Kwenye kushona inazidi kipimo, kwa sababu ugonjwa wa mshipa wa sita ni mdogo kwa vitu vya karibu, na ni mkubwa kwa vya mbali. Tulipatana ibandikwe kwenye miwani ya kutembelea, na ile ya kusomea ibaki tupu kwa ajili ya cherehani. Kama kliniki yako haikukuuliza kazi yako ni ipi, waambie wewe. Na mistari inashika vumbi. Kwa mtu anayekaa kwenye nyuzi na vumbi la kitambaa, kila jioni ni maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini, ukifuata mistari. Ukiisugua na kitambaa kikavu umeichubua. Joto la Tanga liliwahi kuilegeza pembeni. Niliitoa, nikailowesha, nikairudisha kwa kufuata ile alama ya wino.

Kabla ya hapo nilijaribu kiraka cheusi cha kufunika jicho. Ni cha bei ndogo na viwili vinaondoka papo hapo, lakini kwa jasho la huku ngozi inachubuka, na jicho moja halijui umbali: chai inamwagika pembeni ya kikombe, mkasi unakosa mstari wa chaki. Afadhali yake ni plasta nyeupe ya karatasi juu ya kioo kimoja cha miwani, ndiyo niliyokuwa nikitumia siku za kuisubiri prizimu ifike kutoka Dar. Kwa asiyeweza kuipata prizimu, hiyo plasta inatosha kumtoa nyumbani.

Kitu kingine nilichonunua kwa ushauri wao ni mashine ya presha ya mkononi, ile ya kufunga juu ya kiwiko. Mimi ni mnene wa mikono, na kitambaa kinachokuja na mashine nyingi ni cha mkono wa sentimita 22 hadi 32. Nilijipima kwa futi yangu ya kazini nikapata 35. Kitambaa kidogo kwa mkono mnene kinadanganya, kinatoa presha ya juu kuliko iliyopo, kwa hiyo niliagiza kikubwa. Pima mkono wako kabla ya kununua, na unapotumia kaa kwanza dakika tano umeegemea, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo, bila kuongea. Ninaandika namba kwenye daftari lilelile la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma, na daktari wa sukari ameutumia ukurasa huo kunibadilishia dozi.

Jicho lilianza kurudi taratibu. Nilijua kwa sababu prizimu yenyewe ilianza kunikosesha: vile viwili vikarudi, safari hii vimepishana kinyume. Nilirudi kliniki kwa hofu, wakanipima, 20 ilikuwa imeshakuwa kubwa kwa jicho lililopata nguvu. Wakabandua, wakaweka ya 10, nikalipia plastiki tu. Kipupwe kilipokuwa kinamalizika wakaitoa hiyo nayo. Sasa naona viwili nikilazimisha macho kushoto mwisho kabisa, na daktari hana wasiwasi napo. Presha ya wiki hii inacheza 130 kwa 80 na kitu.

Hiyo ndiyo sababu nasisitiza ya kubandika. Zipo sehemu wanazokuuzia lenzi ya prizimu iliyochongwa moja kwa moja ndani ya kioo wakati ugonjwa bado ni wa wiki chache. Lenzi hiyo ni safi zaidi, haina mistari wala ukungu, lakini ni ya mtu ambaye vipimo vyake vimetulia na havisogei tena. Upasuaji wa misuli ya jicho nao husubiri, kwa kawaida miezi sita au zaidi, mpaka ijulikane mshipa umefika mwisho wa kupona. Ukiwa na sukari au presha na jicho limegoma juzi, omba ya kubandika, uliza wana ufito wa kupimia namba, na kabla ya kutoa pesa angalia kama kuna mtu ameshika tochi akatazama mboni zako.